Mama anahesabu krediti zangu ukutani, na hesabu yake si ya kweli

BARUA

Shikamoo Mama Mwalimu,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 31, kwetu Kagera, kwa sasa niko Marekani nasoma PhD ya falsafa kwenye chuo kimoja cha jimbo, huku katikati ambako theluji inaanza Novemba na mpaka leo mwezi wa tatu bado ipo. Niko mwaka wa pili semista ya pili. Hii barua nimeiandika mara nne nafuta, leo nimesema naituma ilivyo.

Nianzie nyuma kidogo ili unielewe. Mimi nilikuwa frateri. Nilisoma falsafa miaka 3 seminari kuu nikatoka kabla ya teolojia, sikufukuzwa, niliona tu siitwi huko. Nyumbani iliwauma sana hasa mama, maana wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walishaanza kumwita mama padri. Baadaye nikaenda chuo nikasoma BA ya falsafa, nikafundisha sekondari miaka 2, ndipo nikapata hii nafasi yenye ufadhili wa miaka 5. Baba mdogo aliuza ng'ombe 2 kwa ajili ya viza na tiketi. Siku ya kuondoka mama alisema mbele ya watu wote, safari hii mwanangu unamaliza.

Sasa Mama Mwalimu, mimi nilijua PhD ni kukaa na msimamizi wako unaandika tasnifu basi. Rafiki yangu aliyeko Uingereza hana kozi hata moja, yuko sura ya pili tayari. Huku natakiwa krediti 60, ndivyo wanavyopima uzito wa kozi, kati ya hizo 48 ni za darasani yaani kozi 16 za krediti 3-3, halafu 12 za tasnifu. Na huchagui unavyotaka, lazima kozi 2 ziwe za falsafa ya kale na zama za kati, 2 za akina Descartes mpaka Kant, 2 za metafizikia na epistemolojia, 2 za maadili na siasa, moja ya mantiki ya juu, na bado kuna mtihani wa lugha. Nilikuja na transkripti yangu ya seminari kurasa 4, wakasema hazihamishiki, zote. Thomas wa Akwino nimelala naye miaka 3 nikaamka naye, leo nakaa kozi ya zama za kati na vijana wa miaka 22 wanaomsikia kwa mara ya kwanza. Niliona ni dharau kwa kweli.

Kilichonivunja ni mantiki. Mtihani wa mwisho mwezi wa kumi na mbili swali la kwanza lilisema thibitisha kwamba kila seti ya sentensi isiyojipinga ina modeli, yaani kuna ulimwengu wa kufikirika ambamo sentensi zote hizo ni kweli. Nikaandika nusu ukurasa, nikafika pale pa kuongeza majina mapya kwenye lugha, kichwa kikawa cheupe, nikabaki naangalia saa ya ukutani. Karatasi iliporudi profesa alikuwa ameandika kwa penseli pembeni ya mstari wangu wa tatu, "na hapa je?" Basi. C+. Na hapa chini ya B haihesabiki, sapu kama za kwetu hakuna, unarudia kozi nzima na inafundishwa Septemba tu, ukikosa B mara ya pili wanakuondoa kwenye programu. Na mimi huyo huyo ndiye nasimamia semina za mantiki ya mwanzo, saa 20 kwa wiki, ndiyo kazi inayonilisha, nachora majedwali ya ukweli ubaoni wanafunzi wananishukuru halafu narudi chumbani siwezi hata kula.

Sasa mama. Mama aliishia darasa la saba lakini hesabu anazo. Nilipomweleza krediti 60 alichukua kalenda ya parokia ya mwaka uliopita akaigeuza nyuma, akachora vijiti 20, kila kimoja krediti 3, akaibandika ukutani sebuleni. Nikimaliza kozi anakata kijiti. Kila Jumapili akitoka misa ananipigia, baada ya salamu swali ni hilo moja, zimebaki ngapi. Desemba nilimwambia nimefaulu zote. Amekata vijiti 9. Ukweli ni 8.

Nikimaliza semista hii nitakuwa nimevuka krediti 30 hata bila hiyo ya mantiki, kwa hiyo naweza kujaza fomu ya kuchukua uzamili. Mwisho wa fomu ni tarehe 31 Machi. Nyumbani kuna chuo kinatafuta mhadhiri msaidizi wa falsafa na maadili, wameniulizia. Moyo unasema jaza rudi nyumbani, halafu moyo huo huo unasema ukirudi wewe ni yule yule aliyetoka. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yuko Dodoma, ananitisha kwamba masta ya krediti 30 haitatambuliwa kwa sababu ya kwetu ni 180. Kijerumani nimeanza kujifunza usiku kwa ajili ya mtihani wa lugha, sioni hata pa kushika. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 3.4 sio mbaya. Ila nilikuja kuandika juu ya hekima ya wazee wa kwetu, kama mwanafalsafa Odera Oruka alivyofanya Kenya, na mpaka leo sijaandika hata ukurasa mmoja wa hicho kilichonileta. Nisaidie Mama Mwalimu, nifanyeje.

Aliyetoka


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na nianze na hilo jina ulilojipa mwishoni, mimi sitakuita hivyo. Nitakuita mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu naona umeniletea mambo mawili yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna hesabu: krediti, mantiki, lugha, fomu, utambuzi. Na kuna aibu, ile ya tangu seminari. Unaniuliza la kwanza lakini kila mstari unajibu la pili. Niruhusu niyafungue, tuanze na hesabu maana ndiyo rahisi kidogo, halafu nitarudi kwa mama yako.

Hiyo fomu, ni nani aliyekuambia ukiijaza unaondoka? Katika barua nzima hujasema kuna mtu amekuambia, umelichukulia tu kuwa ndivyo. Kwenye idara nyingi za falsafa za Marekani mwanafunzi wa PhD anapofikisha krediti 30 hivi anaruhusiwa kuchukua uzamili akiwa njiani na Septemba anarudi darasani kama kawaida, ufadhili wake uko pale pale. Kuna wengine wanaochukua uzamili wa kuagia, huo ni mwingine, unajaza kwamba unafunga safari. Mara nyingine karatasi ni ile ile na tofauti iko kwenye kisanduku kimoja tu cha kuweka alama. Kabla ya kukosa usingizi siku nyingine hata moja, nenda kwa mratibu wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa idara yako, uliza swali moja: nikichukua uzamili mwezi wa tano, naendelea au naondoka? Akikujibu kwa mdomo mshukuru, kisha mwandikie imeili ya kurudia alichosema ili ikae kwenye maandishi. Ikiwa jibu ni kwamba unaendelea, basi tarehe 31 si mlango wa kutokea, ni akiba yako, hata Septemba mantiki ikikukataa tena hutatoka mikono mitupu. Ikiwa ni unaondoka, hapo tarehe ina uzito kweli, lakini angalau utakuwa umeujua uzito wenyewe.

La seminari najua limekuchoma. Lakini nadhani si dharau mwanangu. Sheria za kuhamisha krediti huko kwa kawaida zinapokea kozi za ngazi iliyo juu ya digrii ya kwanza tu, na hata hizo wanapokea chache, na falsafa ya seminari inahesabiwa ngazi ya digrii ya kwanza hata kama wewe uliisoma kwa kina kuliko wao. Mwenzako wa hapo hapo Marekani aliyesoma Akwino akiwa BA naye hapewi kitu. Kuna kitu kingine ambacho pengine hukuomba kwa sababu ulikasirika mapema, nacho ni kusamehewa sharti. Kuhamisha ni kupewa krediti, kusamehewa ni kuambiwa hili tunaona unalijua, ile nafasi isomee kingine. Krediti hazipungui, 48 zinabaki 48, ila hukai tena na vijana wa miaka 22 kusikilizishwa unachokijua, unaweka hapo kozi ya falsafa ya Afrika au usomaji binafsi na profesa juu ya Oruka. Ya zama za kati tayari unayo sasa, sawa, imepita, lakini angalia mbele yako kama kuna sharti jingine la namna hiyo.

Na seminari hiyo hiyo uliyoona haijakupa kitu, haikukufundisha Kilatini? Umeandika kuhusu Kijerumani kama vile ndiyo lugha pekee. Idara nyingi zinakubali Kigiriki, Kilatini, Kifaransa au Kijerumani, na nyingine zinakubali lugha yoyote ambayo tasnifu yako inaihitaji. Mtihani wenyewe mara nyingi ni kutafsiri kurasa chache za maandishi ya falsafa kwa saa mbili tatu na kamusi pembeni. Wewe mtu wa Akwino hebu kaa usiku mmoja na ukurasa wake wa Kilatini uone kilichobaki kichwani, usijihukumu kabla. Na kama tasnifu yako ni ya hekima ya wazee, mahojiano yatakuwa kwa Kihaya na Kiswahili, basi una hoja ya kuomba kwa maandishi lugha hizo zikubaliwe. Wanaweza kukataa. Wengine hung'ang'ania lugha ambayo imeandikiwa falsafa kwa karne nyingi, na kuzungumza lugha tangu utoto kuna wanaoona si mtihani. Lakini hujauliza.

Sasa kaka yako wa Dodoma. Hajakosea namba, amekosea kipimo. Krediti ya nyumbani ni saa 10 za kazi, ukijumlisha darasani na kujisomea. Ya Marekani inakadiriwa saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki kama 15, hiyo ni saa 45. Basi 30 za huko ni saa 1,350 na 180 za huku ni saa 1,800. Hazilingani, sikudanganyi, lakini haziko mbali vile 30 na 180 zinavyotisha ukizisikia kwenye simu. Wazungu wa Ulaya nao wana zao, uzamili wa miaka 2 ni 120, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Anayetambua tuzo za nje kwetu ni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na swali la kwanza ni kama chuo chako kina ithibati huko Marekani, hilo unaweza kulijua leo hii. Ninachokuomba uangalie zaidi ni GPA. Yako ya 3.4 ni kati ya 4, sisi tunahesabu kati ya 5, na mtu wa utumishi akiisoma haraka ataona 3.4 ya kwetu, ambayo ni kitu kingine kabisa. Hicho chuo kinachokuulizia waombe wakuandikie wanataka nini, uzamili wa aina gani, GPA ya kiasi gani, na je, insha ndefu uliyoandika huko inatosha au wanataka tasnifu ya uzamili. Maana uhadhiri msaidizi unaingia na uzamili, lakini kupanda kuwa mhadhiri kamili utadaiwa uzamivu, na ukishakuwa na vipindi vyako, mikopo na mchumba, kurudi kusoma si kama sasa hivi. Nimewaona waliorudi wakafanya uzamivu hapa hapa nyumbani na umewapendeza, nimewaona pia wanaosema mwakani, mwakani, miaka 12 sasa.

Mantiki. Nimefundisha somo hili miaka mingi na nataka ujue ulikwama wapi, kwa sababu "sijui mantiki" na "nilikwama hatua moja" si kitu kimoja. Pale pa kuongeza majina mapya ni njia ya mwanamantiki Leon Henkin, aliichapisha 1949. Wazo lenyewe liko hivi: kila sentensi inayosema yupo mwenye sifa fulani unaipa jina jipya la mtu huyo, ili baadaye uyatumie hayo majina kama watu wenyewe wa kujengea modeli. Mwanzoni inaonekana kama udanganyifu, unajenga nyumba kwa majina ya matofali. Wengi wanakwama hapo. Mwanamantiki mwingine, Kurt Gödel, alikuwa ameshathibitisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine mwaka 1929, na ilikuwa ndiyo tasnifu yake ya udaktari pale Vienna, ana miaka 23. Yaani mwanangu, hicho walichokupa ukiandike kwa saa mbili kiliwahi kuwa PhD ya mtu. Profesa aliyeandika "na hapa je?" hajakufukuza, amekuuliza. Umeshaenda kumjibu? Chukua karatasi ile ile nenda ofisini kwake, muombe mpite hatua hiyo ubaoni. Muulize pia kama akikuona tayari kuna njia ya kuthibitisha umahiri mbali na kurudia kozi, idara nyingine wanayo, nyingine hawana. Uliza kama wakati wa kiangazi unaweza kukaa kozi ya uthibitisho idara ya hisabati, maana nahisi ugumu wako hauko kwenye falsafa bali kwenye kuandika uthibitisho, na hilo ni la mazoezi kama kupika ugali.

Kurudia kuna hatari yake, umesema mwenyewe, ukikosa B mara ya pili unatoka. Na kuna jambo la saa. Kozi 3 kwa hesabu ile ni saa 27 kwa wiki kwa uchache, kwa masomo ya PhD huzidi, weka 20 za semina, ndizo 47 kabla hujafua wala kupika, na usiku unaweka Kijerumani. Sishangai kichwa kilikuwa cheupe. Huenda Septemba upange mantiki pamoja na kozi mbili unazozimudu, si na Kant na metafizikia kwa mkupuo. Lakini usipunguze kozi kienyeji, viza yako inakutaka uwe mwanafunzi wa muda wote, kwa wengi wenu ni krediti 9, na kushuka chini ya hapo bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kunaweza kukuharibia kila kitu. Hata kupumzika semista moja usitamke kwa mtu kabla hujaongea nao, maana aliyejitoa kwa ruhusa kwa kawaida hupewa siku 15 za kuondoka nchini.

Rafiki yako wa Uingereza usimhusudu sana. PhD ya kule haina kozi kwa sababu kozi wanazitaka uwe umemaliza kabla hujaingia, kwenye uzamili. Hiyo nayo ni njia yako, ukitoka hapo na uzamili unaweza kuomba Uingereza au Afrika Kusini ukaandike moja kwa moja juu ya wazee wako, ila ufadhili utautafuta upya kuanzia sifuri na wakati huu hakuna ng'ombe wa baba mdogo. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana alisoma BPhil ya Oxford, miaka 2 ya kozi na tasnifu fupi, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, zaidi ya miaka 20, na leo huwezi kusoma falsafa ya Afrika ukamkwepa. Ni zama zake hizo, sasa hivi vyuo vinadai karatasi zaidi, lakini kurudi nyumbani mapema hakukumfanya kuwa mtu aliyeshindwa. Na huyo Oruka unayempenda alipita Uppsala kule Sweden na Wayne State pale Detroit kabla ya kwenda kukaa na wazee wa Kenya na daftari, kitabu chenyewe cha hekima ya wahenga kikatoka 1990.

Hapo ndipo nataka kukuuliza swali langu, na jibu usinitumie mimi, liandike kwenye daftari lako. Tuseme mama hana kalenda, kijijini hakuna anayejua ulikuwa frateri, na mantiki umeshafaulu. Ungetaka kubaki? Kama ni ndiyo, basi kinachokutoa ni hatua moja ya Henkin na aibu, na vyote viwili vina dawa. Kama ni hapana, kama hata hapo ungetamani kuwa Muleba au Karagwe umekaa na mzee unamuuliza haki ni nini, hiyo ni habari nyingine na ni ya heshima, na uzamili si kutoroka. Ila andika kurasa 5 za hicho kilichokuleta kabla ya tarehe 31. Tano tu. Insha ya kozi moja semista hii iombe iwe juu ya hilo. Mimi kwa uzoefu wangu mtu hajui kama amechoka na shule au amechoka kusubiri mpaka aonje kile alichokuwa anakisubiri.

Juu ya kutoka. Ulikaa miaka 3 ukasikiliza, ukaona siitwi, ukasema. Wapo waliobaki kwa kuogopa macho ya watu, na waliumia wao na waumini wao. Mimi sioni kwamba hukumaliza kitu, falsafa ya seminari ulimaliza, BA ulimaliza. Nilipokuwa uzamili niliangushwa na takwimu, nikakaa miezi miwili sijamwambia baba, nikawa nakwepa hata kwenda nyumbani sikukuu. Nilichokuja kujua ni kwamba alishajua, aliona tu nimekonda. Kwa hiyo naiona hiyo simu ya Jumapili ilivyo nzito. Kila akiuliza zimebaki ngapi unatoa hesabu mbili kichwani, ya kwake na ya kweli, na hapo utaamuaje jambo lolote vizuri?

Sikuambii jaza wala usijaze. Nakuomba tu usiamue ukiwa na kijiti cha tisa kinakukaa kooni. Mama aliyechora vijiti 20 nyuma ya kalenda hakuchora ili akuhukumu, alitaka kuwa darasani na wewe na hiyo ndiyo njia aliyoiona. Jumapili hii mpigie wewe, kabla hajatoka misa. Mwambie kwa Kihaya, si kwa Kiswahili cha barua. Mwambie ni 8, na hicho cha tisa akichore tena pembeni kwa penseli.

Niandikie Aprili, lolote utakaloamua.

Mama Mwalimu